Ng'ombe wa Shangazi na Shimo Langu la Sileji

Baba alipogawa shamba, kaka yangu alipata chai. Mimi nilipata ile sehemu ya chini kando ya kijito, ambako chai ilipandwa mara mbili na mara zote mbili ikakataa. Baba alinikabidhi kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Alisema siku hizi sheria inataka hata wasichana wapewe, na yeye si mtu wa kubishana na sheria. Nilishukuru. Kwa mtu anayependa matope, ilikuwa ardhi nzuri sana.

Kaka yangu alikuwa na mpango wake kuhusu sehemu hiyo hiyo. Alitaka kupanda miti ya bluugamu, kwa sababu viwanda vya chai havishibi kuni. "Wewe jaribu hiyo mambo yako ya nyasi," aliniambia. "Ukichoka, niambie tu. Miche iko." Na kweli ilikuwepo. Aliipanga kwenye vifuko kando ya choo, kwa hiyo kila nilipokwenda kujisaidia niliikuta imesimama pale kwa adabu, ikisubiri nishindwe.

Sikusomea mambo ya mifugo. Nilisomea kwenye simu. Kila jioni nilitazama video za wakulima wa nchi za mbali, watu wenye trekta na meno meupe, wakitembea kwenye nyasi za kufika magotini bila buti zao kushika tope. Niliwaamini kabisa. Walisema malisho lazima yagawanywe vipande, ng'ombe ale kimoja huku vingine vikipumzika. Basi nikachukua vijiti na kamba za katani, nikagawa kipande changu kikawa vipande. Kamba moja ikaonekana kupinda kidogo, nikaing'oa na kuanza upya. Nilirudia mpaka pembe zote zikaniridhisha. Ratiba ya kupumzisha nyasi ilianza mara moja, na niliifuata bila kukosa.

Tatizo ni kwamba sikuwa na ng'ombe.

"Hii nyasi yako imechoshwa na nini mpaka inapumzika?" kaka aliuliza.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayeishi Merigi, kule Bomet. Alikuja kututembelea, akaona zile kamba, akaniuliza ni za nini. Nilimweleza kwa urefu. Nilipofika kwenye mizizi ya nyasi inavyojenga nguvu, alikuwa ameketi chini akicheka, leso imefunika mdomo. Kisha akafuta macho na kusema jambo ambalo sikulitarajia: angeniwekea ng'ombe.

Kwetu Wakipsigis hii ni desturi ya zamani. Tunaiita kimanagan. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake, huwagawa kwa ndugu na marafiki. Ng'ombe akikaa kwako, maziwa ni yako na mbolea ni yako, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi. Mwenyewe anaweza kuja siku yoyote bila kukuambia, akamtazama ng'ombe wake, na asiporidhika akaondoka naye. Akiridhika sana, siku moja atakupa mtamba uwe wako. Shangazi aliahidi mbele ya baba: nikimtunza vizuri, ndama jike wa kwanza ni wangu. Na kuhusu kumuuza ng'ombe wa kuwekewa, sina haja ya kueleza. Mtu akifanya hivyo, watasimulia mpaka kwenye mazishi ya mjukuu wake.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Ng'ombe akinawiri, nitapata mtamba, na kipande changu kitakuwa shamba la maziwa. Ng'ombe akidhoofika, atarudi Merigi, na mimi nitamsaidia kaka yangu kumwagilia bluugamu.

Aliletwa kwa pikapu. Ni mwekundu wenye mabaka meupe, alikuwa anakamuliwa na tayari alikuwa na mimba changa. Aliteremka, akatazama kazi yangu ya kamba na vijiti, kisha akapita katikati yake yote kuelekea kwenye kijito. Alikokota kamba tatu kwa mguu mmoja. Sikumlaumu. Alikuwa hajatazama zile video.

Baada ya hapo nilimfungia zizini na kumletea chakula, kwa sababu chakula kinacholetwa kinaweza kupimwa. Tulikuwa na mizani ya zamani ya majani chai, ile ya kuning'iniza yenye ndoana kama ya senta ya kununulia chai, nikaitundika kwenye mparachichi karibu na zizi. Kila mzigo wa nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, ulikatwakatwa vipande vya urefu wa kidole gumba, ukatiwa kwenye gunia na kupimwa. Alichobakiza pia kilipimwa. Kaka alipita siku moja, akasimama, akamwambia ng'ombe, "Pole mama. Hata wewe umeanza kupeleka majani senta?"

Nilinunua pia utepe kwenye duka la dawa za mifugo huko Kericho, ule unaozungushwa kifuani na kuonyesha uzito wa ng'ombe. Kiasi cha chakula hutegemea uzito. Ilitosha kupima mara moja moja. Mimi nilipima kila Jumatatu. Halafu nikaongeza Alhamisi, kwa ajili ya kuhakikisha Jumatatu.

Najua ninavyosikika. Mimi ndiye yule mtu anayefunga mlango, anafika barabarani, anarudi kuangalia kama amefunga. Kisha anarudi tena, kwa sababu safari ya pili alipousukuma kuangalia, huenda aliufungua.

Sasa ongeza sileji kwenye tabia hiyo.

Sileji ni chakula cha ng'ombe kinachochachushwa ili kikae mpaka kiangazi. Unakata mahindi yangali mabichi, punje zikiwa laini, unayakatakata yote, bua na majani na magunzi, unayashindilia shimoni ndani ya karatasi nzito ya nailoni, kisha unafunika hewa isiingie. Nilipoanza kufyeka mahindi mabichi niliyoyapanda mwenyewe, baba aliingia ndani na kufunga dirisha. Alisema hawezi kutazama chakula cha watu kikifanyiwa hivyo. Nilishindilia kwa buti mpaka miguu ikakosa nguvu. Nilinyunyizia molasi. Nikafunika, nikaweka udongo, na juu ya udongo nikapanga matairi mazee. Lilikuwa shimo zuri. Nilipiga picha.

Mkulima wa video ya sileji alisema neno moja tu mwishoni, na hata hakutabasamu: usifungue.

Nilikaa kama wiki hivi. Halafu nikajiuliza, je, kama nilishindilia vibaya upande ule wa kijito? Nikaondoa tairi moja, nikainua pembe ya karatasi, nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoa konzi moja na kunusa. Ilikuwa sawa. Nikafunika vizuri sana, vizuri kuliko mwanzo. Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha nikajiuliza kama nilipofungua sikuingiza hewa. Njia ya kujua ilikuwa moja tu.

Nilifungua upande wa kijito, na upande wa chai ili nipate ulinganisho, na katikati kwa haki. Nilifungua baada ya mvua kuona kama maji yameingia, na wakati wa jua kuona kama joto limepanda. Kila mara nilikuwa na sababu ambayo mtu mwenye akili angeikubali. Na kila mara nilinusa konzi yangu, nikaridhika, nikafunika kwa uangalifu mkubwa kile nilichokuwa ninakiharibu.

Kiangazi kikaja. Mwaka huo kilikuja kikali, majani ya chai yakababuka juu kama yamepitishwa kwenye pasi. Nepia yangu, ambayo tayari ilikuwa na ule ugonjwa wa kudumaa, ikawa fimbo. Nyasi nilizozipumzisha kwa nidhamu zote zikaamua kupumzika moja kwa moja. Nilikuwa nimeshaacha kumkamua ng'ombe, maana tumbo lilikuwa kubwa na siku zake zilikaribia. Huu ndio wakati niliotayarishia shimo. Nikaondoa matairi kama mtu anayezindua barabara.

Mvuke ulitoka. Chini ya karatasi kulikuwa na ukungu mweupe, na ndani ya mweupe kulikuwa na wa kijani, na vyote vilikuwa vya moto kama ugali. Nilijua, kutokana na simu, kwamba ng'ombe mwenye mimba akila sileji yenye ukungu anaweza kutupa ndama. Nilichimba kidogo pembeni, nikakuta ukungu. Katikati, ukungu. Sikuthubutu kuchimba zaidi. Nilifunika lote, na kwa mara ya kwanza tangu nilichimbe shimo lile sikutamani kulifungua.

Nyumbani niliwaambia bado haijaiva.

Basi mimi, mtaalamu wa malisho, nilifunga ng'ombe kamba na kwenda kufanya nilichokuwa nikiwacheka majirani kwa kukifanya: kuchunga kando ya barabara ya kampuni ya chai, kwenye ule ukanda mwembamba wa nyasi kati ya lami na majani. Ng'ombe alifurahi wazi wazi. Bahati mbaya, ng'ombe wa kila mtu walikuwa pale, na askari wa kampuni alikuwa na wivu na nyasi zile kama amezipanda mwenyewe. "Dada, toa ng'ombe!" alipiga kelele kutoka mbali. "Hii si Merigi!" Sijui alijuaje.

Ng'ombe alianza kuonyesha mbavu. Nikampima kila siku, sasa asubuhi na jioni, kana kwamba utepe ungemwonea huruma na kubadilisha jibu.

Jirani yetu wa upande wa juu, mzee aliyetoka Kisii ujanani kuja kuchuma chai na akabaki, alituona tukirudi kutoka barabarani. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi. "Kwetu kiangazi ng'ombe anakula mgomba," alisema. "Mgomba uko mwingi kwangu. Kesho nakuja." Nilimshukuru, kisha nikamweleza kwamba mgomba karibu wote ni maji na hauna protini ya kutosha. Alisubiri nimalize. "Sawa," alisema. "Kesho nakuja."

Alikuja na migomba begani na panga mkononi. Bila shaka nilitaka kuipima migomba hiyo, kwa hiyo mizani ilikuwa tayari juu ya mparachichi, ndoana ikimetameta. Na kwa kuwa ng'ombe angeanza chakula kipya, nilitaka kwanza kujua uzito wake wa kuanzia. Alikuwa na wasiwasi siku hiyo, akawa anazungukazunguka. Nilimwomba mzee anisaidie. Akashika ncha moja ya utepe kwa mkono wa kushoto, nami nikashika nyingine. Panga alibaki nalo mkono wa kulia, maana hakuona pa kuliweka.

Hapo ndipo shangazi alipoingia langoni.

Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa ajili yetu. Nataka mfikirie alichokiona. Kwetu mtu anayempima ng'ombe kifua kwa utepe ni broka au mwenye bucha, na anafanya hivyo siku ya soko. Ng'ombe wake, aliyenikabidhi mbele ya kaka yake, amezungushiwa utepe. Mwanamume asiyemjua ameshika panga. Mizani imening'inia mtini.

Alikiweka kibuyu chini taratibu sana.

"Chamgei," alisema.

"Chamgei, shangazi!" nilijibu, kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi nilishuku.

"Ara. Mmefikia bei gani?"

"Hapana, shangazi, si hivyo, tulikuwa tu tunapima..."

"Naona mnapima. Mimi si kipofu. Nauliza hii ng'ombe yangu imefika ngapi. Na ndama tumboni, mtapima pamoja ama yeye ni nyongeza?" Akamgeukia mzee. "Na wewe baba, na mvi zako zote. Hujaona huyu ni mtoto? Ungeuliza basi, mama ya ng'ombe ni nani."

"Mama, mimi nimeleta mgomba," mzee alisema. Akatazama mkono wake wa kulia, akaona panga, akalificha nyuma ya mgongo. Ikawa mbaya zaidi.

Kaka yangu alikuwa ametokea kwenye chai aliposikia sauti. Alisimama na kikapu mgongoni, uso ukiwa na huruma ya uongo. "Nilete miche?" aliuliza.

Sasa nitasema kweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilikuwa na njia ya kujitetea, lakini ilipitia shimoni. Ili shangazi aamini kwamba migomba ni chakula, ilibidi ajue kwa nini sina chakula. Kwa kitambo nilichosimama pale nimeshika utepe, nilifikiria kwa dhati kabisa kama ni afadhali nionekane mwizi. Mwizi angalau anafikiriwa kuwa na akili. Kisha ng'ombe akageuza kichwa, akaanza kutafuna ncha ya mgomba uliokuwa chini, na mbavu zake zikaonekana zote.

"Sileji imeoza," nilisema. "Niliiozesha mimi."

Nikaeleza. Safari hii sikueleza kwa urefu. Shangazi alisikiliza, mikono kiunoni.

"Ulikuwa unafungua?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naogopa imeharibika."

"Na ilikuwa imeharibika?"

"Hapana. Wakati huo bado."

Kaka aliangua kicheko mpaka kikapu kikageukia kichwani. Shangazi hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka upande upi wa ukoo una jambo hili. "Ukiweka maziwa kwa kibuyu," alisema, "unafungua kila asubuhi uulize kama yameiva?"

Nilipokuwa mdogo nilifanya hivyo hasa, na mama alikuwa akinipiga.

"Nionyeshe hiyo shimo."

Tulikwenda wote, hata baba, aliyetoka ndani alipoona ni salama kutoka. Shangazi hajawahi kuweka sileji maishani mwake na alikuwa akiisikia kama unavyosikia habari za jirani mlevi. Alichukua panga la mzee, akakunja gauni la kanisani, akaanza kukata na kutupa kando ile iliyooza. Alitupa nyingi. Nilihesabu kila konzi moyoni. Alipofika chini zaidi panga likaanza kugonga kitu kigumu, kilichoshikana, chenye rangi ya zeituni, bila ukungu. Alichota kidogo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Wui! Hii ni busaa!"

"Ndivyo inavyotakiwa kunuka, shangazi."

"Unataka kulewesha ng'ombe yangu? Ng'ombe ya mtu wa kanisa?"

Lakini alikuwa tayari ameipeleka zizini. Ng'ombe alinusa, akafikiri, akala. Akatafuta nyingine kwenye kiganja. Nilirudi shimoni kutazama mahali palipogawa mbovu na nzuri, na nikaelewa bila kusaidiwa na video yoyote. Nilipiga magoti na kunyoosha mkono kutoka ukingoni. Vidole viliishia palepale. Nilikuwa nimeharibu kila mahali mkono wangu ulipofika, na pale ulipokomea, Mungu alikuwa ameniwekea akiba.

Shangazi alifunika shimo mwenyewe. Kisha akavuta tairi moja, akaketi juu yake, juu ya karatasi, juu ya sileji, akapanga gauni.

"Ng'ombe haendi," alisema. "Mimi pia siendi. Mpaka mvua."

Alikaa kwetu mpaka mvua. Asubuhi alifungua upande mmoja tu, akatoa cha siku, akafunga, na wakati huo mimi nilitakiwa kusimama karibu na mparachichi ambapo angeniona. Mchana aliketi kwenye tairi lake akichambua maharage, mgongo kwa jua. Nikipita karibu, hata kama nakwenda kijitoni kuteka maji, aliinua macho. Mzee wa juu aliendelea kuleta migomba, na wawili hao wakazoea kubishana ni ng'ombe wa wapi wenye maziwa, wa Bomet au wa Kisii. Siku ya kwanza ya ubishi kaka yangu alisimama kusikiliza, akatumwa kukata migomba kwa niaba ya mzee, na akawa ndiye mkataji tangu siku hiyo. Miche yake aliipanda nyuma ya choo. Inaendelea vizuri. Tuna kivuli.

Ng'ombe alizaa baada ya mvua kuanza, shangazi akiwa amesharudi Merigi. Ndama alikuwa mzima, mkubwa, mwenye afya, baka jeupe usoni. Dume. Nilimpigia shangazi simu.

"Dume ni dume," alisema. "Mtamba tutangoja. Hiyo ng'ombe ikae kwako."

Nililia kidogo, na sitasema kwa sababu gani, kwa kuwa sijui. Nadhani ni ile "ikae."

Tumeweka sileji mpya. Baba alifunga dirisha tena. Shimo limefunikwa, na juu yake tairi la shangazi liko peke yake katikati, hakuna anayethubutu kulisogeza, hata mimi. Hasa mimi.

Utepe shangazi aliondoka nao kwenye mkoba wake, ili nipone. Kwa hiyo sasa natumia kamba ya katani niliyoipiga mafundo, kila fundo kwa nafasi yake, naificha kwenye kichaka cha chai. Mtu akiingia langoni ghafla, inaonekana kama kamba ya kufungia ng'ombe tu. Nampima Jumatatu. Na Alhamisi.